Tawi Lililokuja kwa Basi

Benedikta anauza vitenge Kariakoo. Hanunui mzigo kwa maneno ya mtu. Lazima aone kipande kwanza, akivute, akigeuze. Kwa hiyo mdogo wake Zakayo alipopiga simu kutoka Mufindi kusema, "Dada, miti yetu ya misindano inakauka vichwa," alijibu palepale:

"Nitumie tawi nione!"

Tawi lilifika kwa basi, ndani ya kiroba cha maharage. Majani yake membamba yalikuwa na rangi ya kutu, na utomvu umeganda kwenye gome. Benedikta alinyong'onyea. Misindano ile waliipanda na marehemu mama yao. Ilibaki miaka minne tu ivunwe mbao. Sasa Zakayo alitaka kuikata yote Jumamosi, kabla ugonjwa haujaimaliza.

Benedikta, na ujuaji wake, alikata kipande akampa Isidori, muuza ndoo wa jirani. "Kesho unaenda kwenu Njombe. Kalinganishe na miti yenu."

Jioni alipita Ritha, mpangaji mwenzake. Binti huyu anafanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya miti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu ona balaa hili la shambani kwetu. Mdogo wangu Zakayo anataka kukata miti yote Jumamosi."

Ritha hakuligusa. "Nani mwingine analo?"

"Isidori. Anaenda nalo Njombe."

"Jamani, mama! Ukungu wa miti, yaani kuvu, unasafiri na matawi, miche, hata udongo. Utampelekea ugonjwa shambani!"

Benedikta alitoka mbio, kandambili mkononi. Alimkuta Isidori anafunga begi, akamnyang'anya kile kipande. Ritha akafunga vyote vizuri ili avipeleke maabara.

"Kuna ukungu mmoja hatari sana wa misindano," alieleza. "Lakini dalili hufanana. Wewe kitenge feki unakijuaje?"

"Kwa uzi wake. Maua kila mtu anaiga."

"Basi. Ndani ya kila kiumbe kuna vinasaba, yaani maelekezo ya namna kinavyojengwa. Yote kwa pamoja ndiyo jenomu. Watafiti wameshasoma jenomu ya ukungu ule hatari. Sisi tutalinganisha na huu wenu. Mwambie mjomba Zakayo asikate kwanza."

Zakayo alifoka kwenye simu, lakini akakubali kusubiri. Siku hizo Benedikta alikuwa hoi, hata kupima vitenge alikosea.

Wiki ya pili Ritha aliingia dukani anacheka. "Siyo ule, mama! Huu hushambulia miti iliyochoka kwa ukame au kujeruhiwa na mvua ya mawe. Mkate iliyougua tu, bwana misitu awaelekeze. Msafishe misumeno. Na msipogoe wakati wa mvua."

Benedikta alikaa juu ya majora, akalia, akacheka. "Mungu wangu! Roho imerudi."

Zakayo alikata miti kumi na saba. Mingine yote ilichipua.

Baadaye kiroba kingine kilifika. Benedikta aliingiza mkono mpaka chini. Maharage matupu. Akapiga simu.

"Zakayo, mbona hukunitumia tawi la kijani nione?"

"Utaliona likiwa mtini, dada. Panda basi."

Ijumaa hiyo alifunga duka mapema.