Matawi ya Kandokando ya Kiwanja

Haya yalimkuta rafiki yangu Wasili, mtunza kiwanja cha ndege cha kijiji chetu huku Alaska. Theluji ikianguka, hupanga matawi ya misonobari kandokando ili rubani aitambue ardhi. Mwaka jana alipuuza siku moja tu. Shemeji yake, Makar, alikuja na kindege chake wakati mbingu na theluji ni weupe mmoja, akaigonga ardhi bila kuiona. Akafa palepale.

Kindege kile kilikuwa kikitua kwa mbao za kutelezea badala ya magurudumu, na ubao wa kushoto ulikuwa na kiraka cha bati kilichokuwa kikiacha mfuo, mchirizi mwembamba, kwenye theluji. "Shemeji, umekata sufuria ya dada yangu?" Wasili alizoea kumtania.

Juzi mchana, ukungu umetanda, Wasili alipanga matawi yote. Akasikia injini ikishuka, mbao zikakwaruza theluji taratibu, kisha kimya. Akapiga simu mjini, inakotoka ndege ya barua.

"Mbona ndege ya barua imewahi?"

"Imewahi wapi, kaka? Bado tunaikwangua barafu hapa!"

Akaingia katikati ya matawi. Ndege hakuna. Palikuwa na alama mbili mpya, zimenyooka, zikakomea mbele ya miguu yake. Akavua glavu, akapitisha kidole kwenye mfuo wa ile ya kushoto.