Gome la Mlungulungu

Mama mdogo Mbuke alinisimulia haya tukiwa kwenye benchi nje ya wodi. Hakuinua macho hata mara moja.

Asubuhi moja, kijijini kwake Kharumwa, alikuwa anaanika mahindi. Bintiye Limi, mgonjwa wa selimundu, alikuwa ndani akilia maumivu ya mifupa. Dawa za hospitali alikuwa ameshakunywa, safari hii hazikumtuliza. Jirani yake Mageni akamwambia achemshe mlungulungu, ule mti wenye gome la miiba, mtoto wake yeye ulimsaidia.

Mbuke akampigia simu daktari Eustace.

"Mama Limi, gome hilo limejaribiwa maabara, lina nguvu fulani," alisema. "Ila hakuna aliyethibitisha kwamba linamtibu mtoto, wala kipimo chake hakijulikani. Mlete."

Lakini gari la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Limi akapiga yowe. Mbuke akachukua panga.

Mlungulungu wa karibu ulikuwa kando ya duara la zamani, shimo la dhahabu lililowafukia wachimbaji. Hawakutolewa. Watu hawakati mti pale.

Mchana mweupe. Jua kali. Akakata.

Chini ya ardhi, kitu kikagonga.

Akasimama. Kimya. Akakata tena. Kikagonga tena.

Gome lilikuwa na joto, kama ngozi ya mtu mwenye homa.

"Nisameheni, baba zangu," akanong'ona. "Mwanangu anakufa."

Sauti ya kiume ikajibu kutoka mizizini, karibu na mguu wake.

"Mpe anywe. Tumechoka kukaa huku."

Angeweza kulitupa gome lile. Alikimbia nalo.

Limi alikunywa, akanyamaza. Jioni akala ugali, akacheka. Mbuke akalia kwa furaha.

Kulipokucha, kikohozi kikaanza. Kikavu. Kizito. Cha mwanaume mzima.

Mbuke akamwaga dawa yote, akampakia mtoto garini.

Eustace alimpiga picha ya kifua. Akaitazama. Akaitazama tena. Akafunga mlango.

"Mama Limi," alinong'ona, "mapafu haya yamejaa vumbi la mwamba. Huwa naliona kwa wazee waliochimba maisha yao yote. Huyu ameshuka duarani lini?"

Limi ana miaka saba. Shimo lile hajawahi hata kuliona.

Picha nimeishika kwa mikono yangu. Madoa meupe, pande zote mbili. Limi bado anapumulia mashine.