Bibi Harusi Asiyeshika Mwiko

— Emé, nisomee hiyo meseji, mikono yangu imejaa unga.

Thabo alikuwa anakanda madombolo, yale mabonge ya unga yanayoivia juu ya mchuzi. Nikaichukua simu mezani. Meseji ilitoka kwa mama yake, Mama Melania.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu makande ya jana nimeyala kwa macho tu. Jumapili nakuja kuyala kwa mdomo. Nataka nikae jikoni nimwone anavyoyapika."

Nikasoma mara mbili. Makande ya jana aliyapika Thabo. Supu ya boga ya juzi, Thabo. Tumeoana mwezi wa tatu, wiki saba sasa, na jiko la nyumba hii sijaliwasha hata mara moja. Nikapandisha juu kuangalia meseji za nyuma. Picha za vyakula tupu, na chini ya kila picha mume wangu ameandika: "Mke wangu kapika." "Mke wangu kapika tena." "Mama, huyu mwanamke ana mkono!"

— Thabo, hii ni nini?

Akageuka, akaona nilichoshika.

— Eish.

— Usiniambie eish. Kwa nini unamwambia mama yako napika mimi?

— Nilikuwa nakufichia.

— Unanifichia nini?

Akaangalia unga vidoleni mwake.

— Kwamba hujui kupika.

Jamani! Mimi, Emérite wa Bwiza, niliyekuwa naitwa kupikia watu wa harusi Bujumbura nikiwa na miaka kumi na tano! Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kukaa kwenye kiti.

— Nani kakwambia sijui kupika?

— Hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza nilikuona umesimama mbali na jiko, kama unaliogopa. Siku ya pili vilevile. Nikasema, huyu alitoka kwao bado msichana mdogo, labda hakupata wa kumfundisha. Nisimwaibishe. Nitapika mimi, atajifunza kwa kuangalia.

— Kwani mzee Lambert, yule mzee wa Warundi aliyeongoza sherehe, hakukueleza siku ya harusi?

— Alieleza kwa Kirundi.

— Na wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa!

— Kila mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Basi ndipo nikajua kwamba wiki saba mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi ndoa mbili tofauti. Kwetu Burundi bibi harusi hashiki mwiko mpaka watu wa kwao waje nyumbani kwake kumfunua. Tunaita gutwikurura. Wanakuja na vyakula, wanamfunua kichwa, wanamkabidhi jiko mbele ya wakwe, na tangu siku hiyo ni mama mwenye nyumba. Kazini nilirudi baada ya siku nne, maana mji huu hausubiri bibi harusi. Lakini jiko nililiacha. Na pale saluni nilipokuwa nasuka nilimsifia Thabo mpaka wateja wakachoka: nimepata mwanamume anayeheshimu mila zetu kuliko Warundi wenyewe! Kumbe mwenzangu hajui lolote, ananihurumia tu.

Lakini niwaambie ukweli, nilipolijua hilo nilimpenda zaidi. Mtu anayefuata mila anatimiza wajibu. Huyu alikuwa ametoka kazini, fundi umeme, amepanda mapaa ya watu kutwa nzima, anarudi Bellevue, hapa Johannesburg, kwenye vyumba vyetu viwili vya nyumba ya zamani, baridi ya mwisho wa Aprili inaingilia dirishani na majani ya manjano yamejaa uani. Anavua koti, anamenya boga. Anachemsha mkia wa ng'ombe mpaka nyama inaachia mfupa. Anasema nami Kiswahili chake cha jikoni, maana mama yake, mwanamke wa Morogoro aliyeolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini na kumfuata huku, alimfundisha lugha akiwa anapika. Thabo anajua mwiko, mbuzi ya nazi, upawa na kifuniko. Mambo ya benki hayawezi kwa Kiswahili.

— Sasa tufanyeje Jumapili? aliniuliza. Pika tu mara moja, Emé. Nani atajua?

— Mimi nitajua. Nikishika mwiko kabla hawajaja, nimesema sina kwetu. Mkataa kwao mtumwa, Thabo.

— Basi waje.

— Waje kina nani? Ndugu yangu mji huu ni mmoja, shangazi Clémence. Na hapokei simu yangu.

Hilo alilijua. Shangazi ndiye aliyenivusha mipaka minne mpaka Johannesburg. Aliposikia naolewa na mtu wa hapa, akasema, "Mimi siendi kukabidhi mtoto wa kaka yangu kwa watu wasiojua hata jina la babu yake." Harusini hakuja. Anakaa Turffontein, mwendo mfupi tu wa teksi, lakini kwangu ilikuwa mbali kuliko Bujumbura.

Thabo akarudi kwenye madombolo yake. Baadaye akauliza taratibu:

— Huyo shangazi anapenda chakula gani?

— Maharage na ndizi, kwa mawese. Kwa nini?

— Nauliza tu.

Jumamosi asubuhi akapika sufuria kubwa, akaifunga kwa blanketi, akaondoka nayo. Akasema anampelekea rafiki. Saa nane mchana simu yangu ikalia. Jina nililoliona lilinifanya nisimame.

— Allô? Shangazi?

— Emérite. Kuna mwanamume amekaa kwenye ngazi yangu.

— Mwanamume gani?

— Wako. Nimemwambia aende, anasema anangoja sufuria yake. Nimemwambia aichukue, anasema bado ina chakula. Tangu saa nne! Majirani wote wameshatoka kumwangalia.

Nikaziba mdomo nisicheke.

— Nani amepika haya maharage?

— Yeye.

— Mawese ametoa wapi?

— Yeoville, sokoni, kwa Wakongo.

— Chumvi imepungua.

— Ndiyo, shangazi.

— Bon. Anasema anapika wiki saba. Kweli?

— Kila siku. Mimi nilikuwa nawangoja ninyi.

Nilimsikia anafunika sufuria.

— Wiki saba ulikuwa unatungoja, alisema polepole. Mimi marehemu mume wangu hakunipikia hata uji, hata nilipojifungua.

— Shangazi, kesho saa sita mama mkwe anakuja. Njoo, nakuomba.

— Kesho nina kanisa.

Akakata.

Jumapili Mama Melania alifika saa sita kamili, na kofia yake ya sufu.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, mwanangu. Hee, mbona jiko limepoa?

Thabo akakohoa.

— Mama, kuna jambo nataka kusema…

— Ngoja, nikamkatiza. Nitasema mimi.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu.

— Mama, zile picha zote ni za uongo. Mimi sijapika hapa hata siku moja. Si kwamba sijui. Kwetu bibi harusi hapiki mpaka watu wa kwao waje kumfunua. Na mimi wa kwetu hawajaja. Labda hawaji. Ukinihukumu, nihukumu kwa hilo, lakini mwanao usimlaumu.

Mama Melania akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, mlango ukagongwa.

— Hodi hapa! Ndiyo nyumba ya Emérite?

Shangazi Clémence. Bado na nguo zake za kanisani, kapu kichwani, wanawake wawili wa kwaya nyuma yake. Mkono mmoja ameshika sufuria ya Thabo, imesuguliwa mpaka inang'aa. Hakunisalimia. Akatua kapu, akatoa kitenge, akanifunika kichwa chote. Gizani humo ndani ya kitenge nilisikia anawaambia wakwe:

— Huyu ana baba, ana babu, ana shangazi. Tulichelewa, kosa ni langu. Tumekuja.

Akakifunua. Akaniwekea mwiko mkononi, mpya, wa mti. Nililia, sikuona hata haya. Shangazi naye analia, wanakwaya wanaimba, na Thabo anaitikia kwa kichwa. Safari hii alikuwa anaelewa.

Nikapika makande. Wiki saba bila jiko, na machozi machoni, yakashika chini. Mama Melania akaonja, akatafuna, akaweka kijiko.

— Yameungua kidogo.

— Nisamehe, Mama.

— Nimekusamehe. Ila na mimi nina uongo wangu. Nilijua tangu picha ya kwanza.

Thabo akaacha kula.

— Ulijuaje?

— Wewe unakata vitunguu vinene kama kuni tangu una miaka tisa. Nani mwingine anakata hivyo?

— Na hukusema!

— Niseme nini? Mwanangu anampikia mkewe, halafu sifa anampa yeye. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwema, lakini chai tu hakuijua. Nilizisoma zile meseji kila jioni nikafurahi mwenyewe. Nilikuja leo kumwona huyo mwanamke anayefanyiwa hivyo. Nimemwona, amepiga magoti amtetee mume wake. Basi.

Akamgeukia shangazi, ambaye Thabo alikuwa amemwekea mbele bakuli la maharage na ndizi aliyoyapika usiku.

— Dada, niongeze hayo maharage yako.

— Si yangu, shangazi akasema. Ni ya mkwe wangu. Safari hii ameweka chumvi.

Kesho yake Thabo alirudi kutoka kazini akakuta sufuria inachemka. Akasimama mlangoni na koti lake, hajui mikono aiweke wapi.

— Kaa, nikamwambia. Leo unakula tu.

Akapiga picha, akaituma: "Mama, leo mke wangu kapika kweli."

Jibu likaja kabla hajanawa mikono.

"Naona. Vitunguu vyembamba. Msaidie kuosha vyombo."