Pedali ya Cherehani

Kila alasiri, akitoka shule, Uwase alivua viatu, akala viazi vilivyobaki mchana, kisha akaketi kwenye cherehani ya mama yake. Hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Nje, katika uchochoro wa mtaa wao wa Biryogo, rafiki yake Kankindi na wenzake walikuwa wakiruka kamba, naye alitamani kuwa nao, ingawa mguu wake mmoja haukuweza kuruka.

Tangu kuzaliwa, msuli wa shavu la mguu wake wa kulia ulikuwa umekaza. Kisigino hakikugusa chini, hivyo alitembea kwa vidole. Mwanzoni mwa mwaka 1992 daktari mgeni alifika kwenye zahanati moja ya mtaa wa Kiyovu na dawa mpya ya sindano. Siku chache baada ya kumchoma Uwase, kisigino kilishuka, na mama yake, fundi Mukabalisa, akalia kwa furaha. Baada ya miezi michache kikapanda tena, akachomwa tena. Gasana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale zahanati, alimwagiza akanyage pedali ya cherehani kila siku kwa mguu ule, kisigino kikiwa chini.

Kazi hiyo ilimchosha mno. Mguu ulitetemeka na mashine ikakwama. Basi mjanja wetu akaamua kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Cherehani ilikwenda bila kusita, na mama, aliyekuwa barazani akishona vifungo, alisikia akaridhika.

"Sindano ndiyo dawa," Uwase alijiambia. "Pedali ni ya mafundi."

Lakini siku moja alianguka langoni mwa shule bila kusukumwa na mtu. Mguu ulimkatalia tu. Aliogopa sana, ila hakumwambia yeyote.

Siku ya zahanati ilipofika, Gasana alishika mashavu ya miguu yote miwili. La kulia lilikuwa limekonda.

"Mama Uwase, anakanyaga cherehani?"

"Yego, kila siku. Mashine iko naimba, mi mwenyewe nasikia."

Daktari alikunja uso. "Kama anafanya mazoezi na kisigino bado kinapanda, huenda dawa haitoshi. Tuongeze." Akaanza kuivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Lakini msuli umedhoofika," Gasana alisema. "Tukiongeza, je, utaweza kumbeba?"

Uwase alimtazama mama yake. Uso wa mama ulijaa fahari, na fahari ile ilimuuma Uwase kuliko sindano.

"Muganga, ngoja," alisema. "Nilikuwa nakanyaga na mguu wa kushoto."

Mama aligeukia dirishani, na Uwase akaona aibu hadi machozi yakamtoka.

Daktari aliweka sindano mezani. "Umenizuia nisikosee. Dawa hii ni sumu. Tunatumia kiasi kidogo sana kulegeza msuli uliokaza. Lakini kulegeza si kuutia nguvu. Ukilegezwa mara kwa mara bila kufanya kazi, unakonda na kudhoofika. Leo hupati sindano. Tutaupa mguu muda, nawe utaupa kazi."

"Na tukikuuliza habari za mwili wako, tuambie ukweli," Gasana aliongeza. "Ukitudanganya, tutatibu ugonjwa usiokuwepo na kukuongezea ulio nao."

Walirudi Biryogo, mama akitangulia. Alasiri hiyo Kankindi aliita kutoka uchochoroni, "Uwase, kuja utuhesabie tukiruka!"

"Bado," alijibu. Aliweka mguu wa kulia kwenye pedali, akasukuma kisigino chini. Mashine ikaenda, ikakwama, ikaenda tena.

"Mama, inakwama tu."

"Nasikia," mama alijibu kutoka barazani. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Leo ndiyo nasikia mguu wako."

Mvua zilipokatika, kisigino kiligusa sakafu, kikakaa. Jioni moja cherehani ilianza kwenda bila kusita. Mama aliposikia hivyo, aliacha vifungo, akaingia ndani na kuchungulia chini ya meza kuona ni mguu upi unaokanyaga. Ulikuwa wa kulia.