Mtoa Maneno Namba Moja

Pale soko la Kasongo, mtu akiuliza bei halafu asinunue, watu wanamsamehe. Lakini msichana anayechuchumaa mbele ya karanga za Mama Waridi, daftari mkononi, na kuuliza, "Mama, kwa Kibangubangu munasema namna gani: nacheka, alicheka, walichekeshwa?" huyo nakuambia hasamehewi.

"We mutoto," Mama Waridi akasema, "uko unanunua karanga ao uko unanicheka?"

"Nasoma, mama. Ni kazi ya chuo."

"Chuo kinafundisha kusumbua watu?"

Wanunuzi wakacheka. Msichana, jina lake Sidonie, akainuka, libaya lake, blauzi ya kitenge cha kijani, limeloa jasho mgongoni, viatu vya plastiki vyekundu kwa matope. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake.

"Mama Waridi, usimufukuze. Huyu hacheki mutu. Huyu iko mugonjwa ya vitabu."

Akageuka kwa hasira. Alikuwa kijana mrefu ameegemea pikipiki, koti la ngozi nyeusi limepasuka begani, miwani ya jua juu ya paji la uso.

"Nani amekuambia niko mugonjwa?"

"Watu wanakuya ku soko kununua karanga. Weye unanunua maneno."

"Unajua Kibangubangu?"

"Nilizaliwa nacho, kule Wamaza. Jina Atumani."

"Basi kaa hapa, nikuulize."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Aa, dada," akasema huku akikaa, "bure ndiyo bei ya hatari."

Hatari ilikuja kweli, wala haikuchelewa.

Sidonie alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, na kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu muundo wa maneno: neno linavyojengwa, kipande juu ya kipande. Alihitaji vitenzi mia tatu. Atumani alikuwa anasafirisha watu na mizigo kati ya Kasongo na Wamaza, na kila aliporudi mjini walikaa kibarazani kwa Mama Waridi, karanga katikati yao, wakikata maneno.

"Ona," Sidonie alimweleza siku ya kwanza. "Chukua Kiswahili chetu. Nacheka, tulicheka, anachekesha, wamechekwa. Kuna kitu hakitoki hata ufanye nini: *chek*. Huo ndio mzizi. Vya mbele vinasema ni nani na lini. Vya nyuma vinasema nani amefanyiwa."

Atumani akatazama pikipiki yake. "Kumbe mzizi ni moteri. Kiti unaweza kubadilisha, taa unaweza kutoa, lakini toa moteri uone kama utafika Wamaza."

Sidonie akacheka mpaka daftari likaanguka. Profesa wake alikuwa amelieleza jambo hilo kwa saa mbili nzima, na nusu ya darasa walilala.

Akiwa safarini walizungumza kwa simu. Kule Wamaza mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule, na kila siku saa kumi na moja Atumani alikipanda.

"Alo, sheri, mpenzi wangu wa vipande vipande."

"Uko juu?"

"Niko juu, siafu wananila miguu kwa ajili yako. Leo unataka nini?"

"Namba mia mbili kumi na ine. Kupenda."

Sidonie akasikia upepo tu.

"Atumani? Mtandao umekatika?"

"Haujakatika. Hicho sikupi."

"We! Nimebakia na hicho kimoja tu!"

"Hicho hakipewi ku telefone. Mutu anakipeana siku moja, mbele ya watu, na macho wazi. Acha nafasi."

Akaacha nafasi. Na usiniulize kama alilala vizuri.

Sasa tuseme kosa lilipo, maana lipo, na ni la Sidonie. Baba yake, Papa François, alikuwa katekista wa parokia, mtu wa suti ya kijivu na neno moja. Tetesi za kibaraza zilipomfikia, alisema mezani, mbele ya mkewe Cécilia na sahani ya ugali: "Motari, mutu wa pikipiki, na tena Mwislamu? Nikiwa ningali napumua, hapana." Wiki ileile Profesa Marcellin, msimamizi wa kazi yake, akamwambia kwamba jina la dereva wa pikipiki halipandi katika kitabu cha chuo. Mtu anayetoa maneno anapewa namba, basi. Sidonie angeweza kubisha. Hakubisha. Alijua baba yake atasoma kitabu kile, na namba ilimfichia siri yake, kwamba bado anakaa na kijana yule kibarazani.

Nakala tano zikachapwa. Atumani ndiye aliyekwenda kuzichukua, kwa furaha, na njiani akasimama chini ya paa la duka afungue. Ukurasa wa nane ulisema hivi kwa Kifaransa: *Mtoa maneno namba 1. Mwanaume, miaka 27, dereva wa pikipiki, elimu ndogo.*

Alimkuta Sidonie mlangoni kwao.

"Chukua vitabu vyako."

"Mbona umekunja uso, sheri?"

"Sheri ni nani? Mimi ni Namba Moja." Akagonga ukurasa wa nane kwa kidole. "Elimu ndogo! Niko na diploma ya serikali, Sidonie. Nilimaliza sekondari palepale Wamaza, nikakosa tu namna ya kuendelea. Umeniuliza maneno mia tatu. Hata siku moja hukuniuliza kama nilisoma."

"Atumani, ngoja. Jina nililificha kwa sababu ya papa..."

"Basi umenificha kwa babako na kwa profesa. Ulitaka kunionyesha kwa nani? Kwa karanga?"

Pikipiki ikaondoka. Saa kumi na moja simu haikulia. Kesho yake pia. Wiki mbili nzima Sidonie alipiga, na ile sauti ya mwanamke wa mashine ikamjibu kwamba nambari haipatikani. Alilia, ndiyo, lakini machozi yakamwishia na hasira ikabaki, na hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Akaenda kwa Mama Waridi. "Mama, watu wako wa baiskeli wanaenda Wamaza?"

"Wanatoka kesho."

"Wamwambie: Jumatano, saa ine, natetea kitabu changu pale chuo. Akuye, asikuye, nitasema tu."

"Utasema nini?"

"Yote."

Mama Waridi akamtazama, akamjazia kiganja karanga. "Kula kwanza. Kiburi na njaa haviendi pamoja."

Jumatano chumba kilijaa. Papa François alikaa mbele na suti yake. Mama Cécilia alikuwa na kitenge kipya na kopo la poda ndani ya mkoba, kwa kuwa kwetu mtoto akifaulu, watu wa nyumba yake wanammwagia poda mpaka kope zinakuwa nyeupe. Watu wa nyumba yake tu. Mpita njia hamwagi wala hamwagiwi.

Sidonie alieleza viambishi na mizizi bila kukwama. Kisha mwalimu Ruphin, mmoja wa watahini, mwenye kalamu nyekundu, akainua kichwa.

"Mademuazeli, ukurasa wa hamsini na moja, namba mia mbili kumi na nne. Pako patupu."

"Ndiyo, mwalimu. Ni kitenzi kupenda. Mwenye nacho alikataa kunipa."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi.

"Huyu namba moja?"

"Hana namba," Sidonie akasema. Profesa Marcellin akakohoa, lakini msichana alikwisha kuanza. "Anaitwa Atumani, wa Wamaza. Niliandika elimu ndogo. Ni uongo, ana diploma, mimi sikumuuliza. Na jina lake nililificha kwa sababu nampenda na nilimwogopa papa. Papa ni huyu hapa. Namheshimu, lakini simwogopi tena."

Mama Cécilia akashika kifua. Papa François hakutikisika, ila shingo yake iligeuka rangi.

"Kazi ya chuo si barua ya mapenzi," Ruphin akafoka. "Tutakutoa pointi."

"Toeni. Kitabu changu chote kinasema mzizi ndio unaobeba neno. Halafu mimi mwenyewe nikaweka jina langu juu ya jalada, na mtu aliyenibebea maneno nikampa namba. Toeni, lakini andikeni jina lake."

Wakatoka, wakarudi. Kumi na nne juu ya ishirini. Inasemekana kabla ya kutoa pointi ilikuwa kumi na sita. Amefaulu! Vigelegele vikapasua chumba, mashangazi wakatandika vitenge vyao chini, Mama Cécilia akafungua kopo.

Sidonie akalichukua kopo mkononi mwake, akavuka vitenge, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Pale alikuwa amesimama kijana mwenye matope mpaka magotini na koti limepasuka begani. Alikuwa amesikia yote.

Akammwagia poda kichwani. Ikashuka juu ya koti jeusi, ikamwingia machoni.

"Yee!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Poda ya familia!"

"Sidonie," mama yake akasema, "poda ni ya watu wa nyumba."

"Najua, mama. Ndiyo maana."

Atumani akakohoa, akafuta macho, akayafungua. Kisha akasema kile kitenzi, kwa Kibangubangu, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho. Mama Waridi, aliyekuwa amekaa nyuma na kapu lake la karanga, peke yake akapiga kigelegele.

Papa François akainuka.

"Amesema nini?" akamuuliza Mama Waridi.

"Kile kilichopungua kwa kitabu, papa."

Mzee akatembea polepole mpaka mlangoni, akampokonya binti yake kopo, akatazama ndani. Poda ilikuwa imebaki kidogo. Akaimwaga yote juu ya kichwa cha Sidonie, mpaka kope zikawa nyeupe. Atumani hakumwagiwa hata chembe.

"Na huyu," akasema, "poda ya mkono wangu akuye kuitafuta kwangu nyumbani, na wazee wake. Jumapili, baada ya misa. Mwambie asichelewe."