Ndama wa Dimtu

Kila asubuhi, sauti ya kwanza kuingia masikioni mwa Barwako ilikuwa ya maziwa yakigonga kibuyu. Chrr, chrr, chrr. Nje, wanawake walikuwa wamekwisha kuswali na kuanza kukama. Ndama walilia zizini mwao, na mama yake, Hawa, aliita, "Barwako! Jua likukute mkekani?" Barwako aliinuka, akanawa uso, akachukua kibuyu chake na kwenda kwa ng'ombe wake mzee, ambaye alitoa maziwa kama mtu anayetoa sadaka bila kupenda.

Hatua chache kutoka hapo aliketi Sadia, akimkama Dimtu. Kwa Kiorma Dimtu ni mwekundu, na kweli ng'ombe huyo alikuwa mwekundu, mpole, mwenye kiwele kilichojaa. Kibuyu cha Sadia kilijaa upesi mpaka povu likamwagika. Barwako alitazama povu lile na moyo ukamchoma. Tuseme ukweli: alimwonea Sadia wivu mkali.

Sadia alikuwa binti wa amu yake. Baba yake alipofariki, Mzee Bonaya, babake Barwako, alimchukua akamlea pamoja na bintiye. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, walilala mkeka mmoja, na walikuwa kama chanda na pete mpaka siku ile ya Garsen.

Siku hiyo, miaka mitano kabla ya Uhuru, Bonaya aliwapeleka sokoni Garsen. Nje ya zahanati walimkuta Buya, Mpokomo wa kijiji cha Wema, dresa wa zahanati, yaani msaidizi wa daktari, akiwachanja watu. Habari za ndui zilikuwa zimesikika vijiji vya chini mtoni, na dawa mpya ya chanjo ilikuwa imeletwa, unga mkavu uliochanganywa na maji kabla ya kutumiwa. Barwako alipoiona sindano tu, alichomoka mbio akajificha nyuma ya magunia dukani kwa Hirsi. Sadia alitoa mkono, akafumba macho, akauma midomo, basi. Barwako alipopatikana, dawa ya siku hiyo ilikuwa imekwisha.

"Usijali, mzee," Dresa Buya alimwambia Bonaya. "Baada ya wiki tatu nitafika kwenu na dawa ya kuwatosha wote."

Njiani Bonaya alikuwa na furaha. "Sadia, mwanangu, una moyo wewe! Kuanzia kesho utamkama Dimtu."

Loo! Barwako alikuwa amemngojea Dimtu miaka miwili. Tangu jioni ile alilala akimpa Sadia mgongo.

Bonaya alirudi malishoni na kundi kubwa, akaacha nyumbani ng'ombe wachache wa maziwa. Mkono wa Sadia ulivimba kidogo, ukatoa kipele, kama dresa alivyokuwa amewaeleza. Hawa aliufunga kwa kitambaa safi. Na kila siku ilikuwa ni Sadia, Sadia! "Tazameni, maziwa ya Sadia yanamnenepesha Wako!" Wako alikuwa mdogo wake Barwako, mtoto wa miaka mitatu, na hakuna kiumbe ambaye Barwako alimpenda kuliko huyo. Sasa hata Wako akiamka alikimbilia kibuyu cha Sadia.

Alfajiri moja, wanawake wakiwa kwenye swala, Barwako alinyata hadi zizi la ndama. Alimtoa ndama wa Dimtu, akampeleka kwa mamaye. Ndama hakuhitaji kufundishwa. Alinyonya mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha Barwako akamrudisha zizini, akafunga mlango vizuri, akaingia ndani kujifanya amelala.

Wafugaji wanajua kwamba ng'ombe haachii maziwa mpaka ndama wake aanze kumnyonya. Asubuhi hiyo Sadia alipomleta ndama, ndama alinusa chuchu, akageuza uso. Sadia alikama, akakama, yakatoka matone tu. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Siku ya tatu alikuja jirani yao, Halako, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote. "Hawa, huoni?" alisema, mikono kiunoni. "Hata ndama amemkataa mamaye! Ng'ombe huyu ameguswa na mkono wenye dawa. Chanjo imemkausha!"

"Lakini Bonaya ana kovu la chanjo tangu ujana wake," Hawa alisema kwa mashaka, "na ng'ombe wake hawajakauka."

"Hiyo ilikuwa dawa ya zamani, dada yangu. Hii ni mpya. Nani anaijua?"

Barwako alisikia yote. Mambo ya chanjo hayakuwa kichwani mwake kabisa, alitaka tu Sadia anyang'anywe Dimtu. Neno moja kutoka kwake lingemaliza habari ile pale pale. Akanyamaza.

Dimtu akapewa Barwako. Na kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kumtoa ndama alfajiri, maziwa yakarudi tele. "Mmeona?" Halako alipiga makofi. "Mkono usiochanjwa huo!" Sadia akakatazwa kugusa vibuyu na kukaribia zizi. Alipewa kazi ya kuchota maji mtoni, na alikula katika bakuli lake peke yake.

Barwako alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alimwona Sadia ameketi kando ya mtungi, akilia bila sauti, na furaha yote ikamtoka. Lakini kumrudishia Dimtu? Hilo hakuliweza. Na wakati huo uvumi ulikuwa umekwisha toka kijijini, umefika boma hili na boma lile: chanjo mpya inakausha ng'ombe.

Siku chache baadaye, mama mmoja wa Kipokomo aitwaye Kache alileta ndizi kubadilishana na maziwa. Uso wake haukuwa wa kawaida. "Ndui inapanda mto, jamani," alisema. "Juzi tumezika watoto wawili. Wazuieni wenu wasishuke kule kwetu."

Bonaya naye alipozisikia habari hizo aliacha kundi, akarudi nyumbani. Na siku iliyofuata Dresa Buya alifika na baiskeli yake, mfuko wa dawa begani. Watu walikusanyika, lakini hapakuwa na aliyetoa mkono.

"Jamani, mnangoja nini?" Dresa aliuliza. "Dawa hii si sumu. Hutengenezwa kwa ndama. Ni kitu cha mfugaji kabisa!"

"Ala! Kwa ndama?" Mzee Hirbo, aliyekuwa mkubwa wa umri pale, aliinua fimbo yake. "Basi ndiyo maana! Nani hukausha ng'ombe kama si ndama?"

Watu wakacheka.

"Sikilizeni," Dresa alisema, na sasa hakuwa na mzaha. "Mto unajaa. Kesho adhuhuri ni lazima nivuke. Nikishavuka, huenda nisirudi mpaka mwezi mzima upite. Ndui haitawangoja mwezi mzima."

Hawa alimkumbatia Wako kifuani. "Dresa, mimi sikatai kwa ubishi. Mtoto huyu anaishi kwa maziwa. Ng'ombe wakikauka, ale mchanga?"

Bonaya alimtazama mkewe, akatazama watu, akashusha pumzi. Dresa akaanza kuufunga mfuko wake kwenye baiskeli.

Wako alikuwa akicheza na ushanga wa mama yake. Mashavu yake yalikuwa laini, hayana hata kipele kimoja. Barwako aliyatazama, akawakumbuka wale watoto wawili waliozikwa kijijini kwa Kache, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Ni mimi! Chanjo haikumkausha Dimtu. Mimi nilimtoa ndama alfajiri, akanyonya yote, siku tatu. Nilimwonea wivu Sadia."

Halako akacheka. "Mtoto huyu amelishwa maneno na dresa!"

"Hapana," Barwako alisema akilia. "Wallahi ni mimi."

Bonaya hakumpiga wala hakumkemea. Alisema tu, "Maneno hayatoshi hapa. Dresa, tafadhali lala kwangu. Zizi la ndama nitalilinda mwenyewe. Kesho Sadia atamkama Dimtu mbele ya wote, kwa mkono ule ule uliochanjwa."

Asubuhi watu walijaa kuliko siku ya harusi. Bonaya alikiweka kibuyu mbele ya Sadia. Sadia hakukigusa.

"Sitaki," alisema. "Mlinikataza. Mlinipa bakuli la peke yangu."

Hawa aliinamisha kichwa. Barwako alitoka katikati ya watu, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya binti wa amu yake, macho ya kijiji kizima yakiwa mgongoni mwake.

"Nimekukosea, Sadia. Nilikuibia maziwa, halafu nikakuibia heshima yako, nikanyamaza. Nisamehe."

Sadia alimtazama. "Bado sijakusamehe," alisema. "Lakini Wako hana kosa."

Akakichukua kibuyu. Ndama alifunguliwa, akakimbia moja kwa moja hadi kwa mamaye na kuanza kunyonya kwa pupa. Sadia akamvuta kando, akaketi, akashika chuchu. Chrr! Maziwa yakaruka, meupe na mazito, mpaka povu likafurika ukingoni mwa kibuyu na kumdondokea magotini.

Mzee Hirbo aliinama, akachungulia ndani ya kibuyu, akajikuna kidevu. "Haya, dresa," alisema huku akikunja mkono wa kanzu yake. "Anza na mimi kabla sijabadili nia."

Watu wakapanga mstari. Wako alilia kidogo, akanyamazishwa kwa maziwa. Halako alijiunga mwisho kabisa, akinung'unika kwamba yeye tangu awali alikuwa na shaka na yule ndama. Zamu ya Barwako ilipofika, aliiona sindano ile ile ya Garsen, lakini safari hii alitoa mkono.

Dresa alipokuwa akijiandaa kuondoka, Bonaya alimwita bintiye. "Vaa ndara zako. Tunamsindikiza dresa mpaka kivukoni, tukipita kila boma uvumi ulikofika. Wewe ndiye utakayesema."

"Lakini baba," Barwako alinong'ona, "mimi sikusema neno lolote juu ya chanjo. Ni watu waliosema."

"Hukusema, ndiyo. Uliujua ukweli ukaukalia kimya, na watu wakalala na uongo. Kunyamaza kwako kulitaka kutuzikisha watoto." Sauti ya Bonaya ilikuwa ya chini. "Na nikuulize, mwanangu. Kibuyu cha Sadia kilipojaa, chako kilipungua hata tone moja?"

Barwako alifikiri. "Hapana, baba."

"Basi hilo ndilo ulishike. Riziki ya mwenzako haitoki mfukoni mwako. Usipoushinda wivu, utaichoma nyumba na wewe mwenyewe umo ndani."

Walitembea hadi boma la kwanza, dresa akiisukuma baiskeli yake mchangani. Mama mmoja alitoka mlangoni na mtoto mgongoni. Alipouona mfuko wa dawa, alirudi nyuma hatua mbili.

"Karibuni," alisema kwa wasiwasi. "Mna habari gani?"

Bonaya alimtazama bintiye. Barwako akasogea mbele.

"Mama," alisema, "nimekuja kukueleza kosa nililofanya."