Ngano Nyekundu ya Amida

Mwaka wa 1938, Amida alilima ngano nyeupe, fupi na nyekundu bondeni kwa mto Kafubu, nje ya mji wa Elisabethville. Kila asubuhi ya kiangazi alimwagilia matuta. Mumewe Amisi, fundi cherehani, alimsaidia siku ya mapumziko, na kazi yake ilikuwa moja tu: kung'oa ngano nyekundu.

"Inaharibu mukate," alisema. "Unga inakuwa nyeusi. Siku ya Maulidi bantu banatucheka."

"Bacheke mpaka bachoke! Mama alifunga mbegu hii mu kitambaa kutoka Kasongo. Kwingine haiko tena." Amisi aking'oa shina moja, Amida aliacha mawili.

Mwezi wa saba ugonjwa wa kutu uliingia. Majani yalijaa vumbi la rangi ya machungwa. Ukipita, nguo inachafuka. Mzungu wa kilimo akatoa amri: ngano yote ichomwe, na mwakani ipandwe mbegu yake nyeupe peke yake. Ebo! Kwa jirani mbegu hiyohiyo ilikuwa imekufa yote kwa kutu. Hilo Mzungu hakulitaja.

Alexis, monitere, yaani msaidizi wa Mzungu wa kilimo, alitumwa kuchoma. Alimkuta Amida amesimama njiani na jembe mkononi.

"Mama, ni amri."

"Amri ya nani? Nakatala! Ukitaka kuchoma, anza na miye."

Amisi alimvuta mkewe mkono. "Amida, batatufunga!"

"Bafunge. Mbegu ya mama yangu haiingii mu moto."

Alexis hakubishana. Aliingia shambani, akainama, akapekua majani moja moja.

"Baba, angalia. Hii nyeupe iko mugonjwa. Nyekundu, jani safi kabisa. Ile fupi iko na kutu kidogo tu."

"Hizo nyekundu ninazong'oa?" Amisi aliuliza.

"Njo zenyewe! Kutu si uchawi, Baba, ni kuvu. Vumbi hili ni mbegu zake, upepo unazibeba. Lakini ngano haziko sawa. Kuvu inayoua moja inashindwa na ingine. Ukipanda aina moja tu, siku ikishindwa, shamba yote inakufa."

Amisi aliona haya. Alitoa uzi mfukoni, akafunga kila shina safi. Alexis akaomba pini zake. Kwenye masuke meupe yaliyochelewa kuchanua, alitoa vifuko vya chavua, unga wa kiume, kisha akapaka unga wa maua ya nyekundu, na Amisi akayafunga uzi pamoja na mashina mafupi.

"Watoto wao watachanganyika: weupe wa hii, nguvu ya ile," alisema. "Kila mwaka mupande, mung'oe wagonjwa, muchague wazuri."

Ngano ilipokomaa, walivuna kwanza masuke yenye alama. Mabua yote yaliyobaki, yenye kutu, Amida aliyachoma kwa mkono wake. Alexis akamwambia mkubwa wake kwamba shamba limechomwa, wala hakusema uongo.

Mwaka wa tano kutu ilirudi. Shamba la Amida likasimama imara. Mzungu alikuja mwenyewe, akashika suke jeupe lililozaliwa na nyekundu.

"Muzuri sana! Sasa bote bapande hii moja tu."

"Apana, Bwana," Amida alisema. "Kuvu nayo inabadilika. Kesho itaweza hii pia. Tunapanda zote."

"Mimi ninaamuru!"

"Amuru."

Amida akainua kikapu, akawaita majirani waliosimama ng'ambo ya mfereji. Walikuja mbele ya macho ya Mzungu, na kila mmoja akapokea konzi tatu: nyeupe, fupi na nyekundu.